Linaumia Mkuranga, Linaoza Buguruni

Embe dodo likianguka kutoka mtini halilalamiki siku hiyohiyo. Ganda hubaki zima, la kijani, linang'aa, na mnunuzi angelipokea bila kuligeuza mara mbili. Lakini chini ya ganda nyama imeshapondeka na maji yake yamevuja. Alama hujitokeza embe linapoanza kuiva, siku ya tatu au ya nne: pale lilipogonga ardhi panakuwa na rangi ya kahawia, panalainika, kisha ukungu unaingia. Kufikia hapo embe limepita mikono mitano au sita, na aliyeliangusha ameshalipwa ujira wake na ameshautumia.

Ndani ya siku hizo tatu nne ndimo inamojificha sehemu kubwa ya hasara ya matunda ya Pwani. Tunda huharibiwa mahali pamoja na hulipiwa mahali pengine, na kwa kuwa baina ya pale na hapa kuna usiku mzima wa barabara na madalali wawili, hakuna anayeweza kumshika mwenzake mkono akamwambia, hii ni kazi yako.

Karani mmoja wa soko la Buguruni, Dar es Salaam, aliligundua jambo hilo kupitia daftari. Hakuwa karani wa kuajiriwa. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ambaye shangazi yake, mfanyabiashara wa matunda, alimchukua kila likizo ya Desemba kuhesabu matenga, kwa sababu aliandika haraka na, la muhimu zaidi, hakuwa na ndugu miongoni mwa wapakuaji. (Ndiye anayeandika makala haya, ingawa habari yenyewe ni ya shangazi zaidi kuliko yake.) Daftari lilikuwa na safu za matenga yaliyoshuka, yaliyouzwa na bei. Safu ya mwisho ilikuwa ya wino mwekundu: mabovu.

Safu hiyo ilijaa kila siku na haikueleza kitu. Ilisema maembe yameoza, haikusema yameozea wapi. Shangazi alikuwa akiipitisha kidole jioni, anaguna. Siku moja akauliza, "Hii hasara ni ya hapa au ya kule?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui kwa sababu unaandika ukiwa umekaa. Kesho panda Fuso uende Mkuranga, ukaangalie linavyochumwa."

Wilaya ya Mkuranga iko kusini mwa Dar es Salaam, kando ya barabara ya Kilwa, na pamoja na Kibiti na Rufiji ndiyo inayolisha jiji dodo, bolibo na sindano msimu unapopamba moto, kuanzia Novemba hadi Januari. Msimu huo unaangukia palepale kwenye mvua za vuli. Njia za kutoka mashambani kuja barabara kuu zinakuwa tope, na lori lililotarajiwa asubuhi linafika alasiri. Hilo la tope kila mtu analijua na kila mtu hulitaja akiulizwa kwa nini matunda yanaoza. Karani alikuta mambo mengine ambayo hakuna aliyeyataja.

La kwanza ni kwamba mti mwingi haukuwa tena wa mwenye shamba. Ulikuwa umeuzwa tangu ukiwa na maua. Mkulima ana shida ya pesa miezi ya katikati ya mwaka, maembe bado ni maua na vijidole, na mfanyabiashara anakuja na noti mkononi. Wanakubaliana bei ya mti mzima. Toka siku hiyo upepo, ubwiri unga na wezi ni mzigo wa mnunuzi, na mkulima hana sababu ya kuokota maembe yaliyodondoka chini ya mti wala kutega nzi. Mnunuzi naye, pesa yake ikiwa imening'inia juu ya mti wa watu, halali. Anaona kila mtoto anayepita njiani ni mwizi. Kwa hiyo anachuma mti wote kwa siku moja, na lori analijaza mara moja.

Tatizo ni kwamba mwembe hautoi maua siku moja. Unatoa kwa mafungu, na matunda yake hukomaa kwa mafungu. Embe lililokomaa huonekana kwenye mabega: yanajaa mpaka yanapita pale kikonyo kilipojishika, na ukilikata, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kuwa ya njano. Lisilokomaa lina mabega ya kuteremka. Lisipokomaa mtini haliwezi kukomaa sokoni. Litasinyaa, litalainika kama mpira, na sukari haitakuwamo. Mchumaji aliyekuwa juu ya mti siku ile aliyajua hayo yote vizuri kuliko kitabu. Aliulizwa, akashuka, akapasua maembe mawili kwa panga akaonyesha tofauti. Kisha akapanda tena, akaendelea kuchuma yote.

"Mdogo wangu," alisema kutoka juu, "mimi nalipwa kwa tenga. Tenga halina changa wala komavu."

Ukitaka kuielewa biashara hii, sentensi hiyo inatosha kuliko ripoti nyingi. Alichuma kwa upembo, na tawi lililokuwa mbali alilitikisa. Chini walikuwapo vijana wawili wenye gunia walilolitandaza mikononi, wakilidaka linaloweza kudakwa. Kuna vifaa rahisi vya kazi hii: mti mrefu wenye kifuko cha wavu na makali kidogo mdomoni, embe linakatwa na kudondokea ndani ya wavu. Vijana walikuwa nao mmoja, umeegeshwa kwenye shina. Unachelewesha, walisema.

La pili ni utomvu. Kikonyo cha embe kikivunjwa pale kilipoungana na tunda, utomvu huruka kwa nguvu, hasa asubuhi tunda likiwa limejaa maji. Si maji tu yale; yamo mafuta makali yanayounguza ganda. Saa ile huoni kitu ila unyevunyevu. Kesho yake, au keshokutwa, yametokea michirizi myeusi kutoka kichwani kuteremka ubavuni, na mteja wa mjini anaona embe bovu ingawa nyama yake ni nzima kabisa. Dawa yake haina gharama ya pesa. Embe lichumwe na kikonyo kirefu kidogo, lipelekwe kivulini, kikonyo kikatwe pale, kisha embe lilazwe kichwa chini juu ya kichanja mpaka utomvu uishe kudondoka. Gharama yake ni muda, nusu saa hivi kwa kila mkupuo, na muda hauingii kwenye tenga.

Halafu kuna jua. Tunda lililochumwa bado lina uhai: linapumua, linatumia sukari yake, linatoa joto. Joto lake likipanda kwa nyuzi kumi, kupumua huko huongezeka mara mbili na hata mara tatu, na siku za kuishi hupungua kwa kiasi hichohicho. Embe lililowekwa juani Desemba huwa la moto kuliko hewa inayolizunguka. Ukilipasua unahisi joto ndani. Pale shambani lundo lilikaa juani tangu saa nne asubuhi mpaka lori lilipofika alasiri, na hatua chache pembeni palikuwa na kivuli cha miembe ileile iliyokuwa imechumwa. Hakuna aliyekikataza kivuli. Lundo lilikuwa pale kwa sababu lori lingesimama pale, na kulihamisha mara mbili ni kazi isiyo na malipo.

Kisha tenga. Wageni wa biashara hii huliona tenga kuwa kitu cha asili, kizuri, kisichochafua mazingira, na mwandishi hana ugomvi na ususi wake. Ila fito zake zina ncha, na ukubwa wake ni wa msusi. Juu ya mdomo wa tenga hujengwa kichuguu cha maembe kinachofunikwa kwa nyasi na kufungwa kamba. Hiyo ni lumbesa. Wakala wa Vipimo umepambana nayo kwa miaka, zaidi kwenye magunia ya viazi, vitunguu na mkaa, kwa hoja kwamba mkulima anapunjwa. Ni kweli anapunjwa. Lakini kwa matunda kuna jambo la pili: lumbesa humwibia hata anayeipiga. Mnunuzi anaona amepata maembe ya bure juu ya tenga, na uzito wa hayo ya bure unayaponda ya chini aliyoyalipia. Karani alipoanza kumwaga matenga Buguruni na kuyapanga maembe kwa tabaka, mabovu mengi yalitoka chini, yakiwa na alama za fito ubavuni. Na juu ya matenga yenyewe, njia nzima, alikuwa amelala utingo.

Lori liliondoka jioni, likakwama Mbagala kwenye foleni, likaingia sokoni usiku wa manane. Hapo dalali alilipokea, akafungua tenga la mbele, akatoa embe, akalinusa, akalikubali. Lilikuwa zuri, na lilipaswa kuwa zuri, kwa kuwa siku tatu zilikuwa hazijafika.

Machungwa yana tabia nyingine. Baada ya msimu wa maembe shangazi alihamia mali ya Muheza, mkoani Tanga, wilaya inayojulikana kwa machungwa kiasi kwamba malori ya wafanyabiashara wa Kenya huyafuata mpaka mashambani na kuvuka nayo Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi. Chungwa halivundikwi. Ukilichuma chachu litabaki chachu, maana haliendelei kuiva likishatoka mtini. Lilivyo ndivyo litakavyoliwa. Kuwa la kijani si dalili ya uchanga: chungwa hupata rangi yake pale usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa Muheza hauna baridi ya kutosha. Mnunuzi mgeni anayesubiri ligeuke rangi atasubiri mpaka lioze. Hatari yake iko kwenye kikonyo. Likivutwa badala ya kukatwa, kipande cha ganda hubaki na tawi, na kupitia tundu hilo, au kupitia kovu lolote la ukucha, huingia ukungu wa kijani ambao karibu kila mtu ameshauona nyumbani kwake, ule unaoacha vumbi vidoleni. Ukungu huo hauingii kwenye ganda zima. Unahitaji jeraha, na jeraha linafanywa shambani.

Wazee wa soko walikuwa na methali yao walipomwona karani akichambua mabovu: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki inasemwa. Kwa embe na ndizi imethibitishwa maabara. Mwaka 1901, kule St Petersburg, mwanafunzi wa sayansi Dimitry Neljubow alishangaa miche ya njegere inayopinda vibaya ndani ya chumba chenye taa za gesi, akafuatilia mpaka akaigundua gesi iliyohusika: ethilini. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akaonyesha kwamba tufaha linaloiva linaitoa gesi hiyohiyo lenyewe. Tunda linaloiva hulichochea jirani yake, na lililojeruhiwa hutoa gesi nyingi zaidi, kwa hiyo embe moja lililopondeka chini ya tenga haliozi peke yake; linayaharakisha yote yanayolizunguka, hata mazima. Bibi zetu walioyafukia mashada ya ndizi kwenye shimo, wakaziba kwa majani ya mgomba na kupuliza moshi, walikuwa wanafanya kazi na gesi hiyo miaka mingi kabla haijapewa jina. Moshi wa kuni unayo.

Kuvundika ni sanaa halali. Embe lililokomaa likivundikwa vizuri linaiva kwa pamoja, linanukia, na muuzaji anapanga siku ya kuuza. Uovu umeingia na kabaidi ya kalsiamu, mawe yaleyale ya mafundi wa kuchomelea. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini kwa udhaifu, na pamoja nayo mabaki ya aseniki na fosfini, ambayo ni sumu. India, nchi inayozalisha maembe mengi kuliko nyingine yoyote duniani, imeipiga marufuku kwa matunda, na bado wakaguzi wake huikamata kila msimu. Kinachosumbua zaidi ni sababu ya kuitumia. Embe lililokomaa halihitaji kabaidi. Linaloihitaji ni lile changa, lililochumwa mapema kuwahi bei ya mwanzo wa msimu: ganda linageuka njano, ndani bado ni chachu na halina harufu. Kosa lililofanywa juu ya mti linapakwa rangi, na safari hii halilipwi na shangazi wala dalali bali na mlaji, nyumbani kwake, mbele ya watoto.

Wapo waliodhani baridi itamaliza yote. Mfanyabiashara mmoja, jirani wa meza ya shangazi, alipata pesa msimu mmoja akakodi lori la barafu lililozoea kubeba samaki. Maembe yalisafiri safari ndefu kwenye baridi kali na yakafika magumu, ya kijani, mazuri kuliko yote yaliyokuwapo sokoni. Watu walikuja kuyatazama. Aliyauza asubuhi hiyohiyo. Siku mbili baadaye wanunuzi walirudi nayo: ganda lenye madoa ya kijivu, nyama isiyolainika, mengine yameiva upande mmoja tu. Embe ni mtoto wa joto, halivumilii baridi ya chini ya nyuzi 10 hadi 13. Ndizi nayo inataka 13 au 14, na ndiyo maana ndizi iliyowekwa kwenye friji hugeuka nyeusi. Jeraha la baridi halionekani tunda likiwa ndani ya baridi. Hujitokeza likitolewa. Hata teknolojia, basi, ilikuwa na siku zake za kujificha.

Mfano mkubwa kuliko yote wa hasara inayosafiri bila kuonekana ulitokea nchi jirani. Mwaka 2003 watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe, chenye makao Nairobi, walimkuta pwani ya Kenya nzi wa matunda asiyejulikana barani Afrika. Mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Wanasayansi walimpa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, na miaka kumi baadaye wakakubaliana kuwa ni yuleyule nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga ndani. Tundu ni dogo mno. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na funza hula nyama huku nje embe likiwa safi. Hivyo embe linaweza kuchumwa, kupimwa, kufungwa kwenye katoni, kupanda ndege na kufunguliwa bandari ya mbali likiwa na funza ambaye shambani alikuwa yai. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe kuuza maembe kwenye Umoja wa Ulaya kabla haijafungiwa. Soko hilo halikufunguka tena mpaka 2021, baada ya kazi ndefu ya kutenga maeneo yenye nzi wachache, mitego na ukaguzi.

Wapo wanaoua mayai hayo kwa maji ya moto. Maembe mengi yanayoingia Marekani kutoka nchi zenye nzi huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 46.1 kwa dakika 65 hadi 110, kulingana na ukubwa na umbo. Kwa ukungu wa chule, ambao hukaa kimya kwenye ganda tangu embe likiwa changa na kutoa madoa meusi likiiva, maji ya nyuzi 52 kwa dakika tano huwa yanatosha. Joto likizidi mno, au muda ukisahaulika, tunda linaungua. Hii si kazi ya sufuria na kukisia. Inataka kipimajoto na mtu asiyeondoka. Vikundi vichache vya wakulima vinaimudu. Kwa mchuuzi wa Buguruni ni hadithi.

Ni kiasi gani hasa kinachopotea? Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba karibu asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Kwa matunda na mboga za Afrika kusini mwa Sahara, tafiti zilizokusanywa zilitoa hasara ya shambani kuanzia sifuri hadi asilimia 50. Msomaji asiipite haraka namba hiyo ya pili. Kipimo kinachoweza kuwa chochote baina ya hakuna na nusu kinasema kwamba wengi wetu bado tunaandika safu nyekundu bila kujua imejazwa na nani. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Malabo mwaka 2014 kupunguza hasara za baada ya mavuno kwa nusu ifikapo 2025. Tanzania ikaandika mkakati wake wa miaka kumi kuanzia 2019. Nusu ya kiasi gani, kwa embe la Mkuranga, ni swali ambalo karani wa aina yoyote angeliuliza.

Viwanda vimesaidia kwa namna yake. Kule Mwandege, Mkuranga hiyohiyo, kuna kiwanda cha matunda cha Bakhresa kilichozinduliwa na Rais John Magufuli Oktoba 2016, na kaunti ya Makueni nchini Kenya imejenga chake Kalamba kinachosaga rojo la embe. Embe lenye michirizi ya utomvu, au dogo, au lenye umbo baya, lina mahali pa kwenda. Lakini kiwanda hakifufui. Embe lililooza halisagwi, na lililochumwa changa halina rojo la kununuliwa. Kina mama wa Pwani waliotengeneza achari kwa maembe machanga yaliyopukutika walikuwa na akili hiyo tangu zamani: kila hali ya tunda ina matumizi yake, mradi uijue hali hiyo mapema.

Makueni na Embu, kaunti nyingine ya Kenya, ndiko mwandishi alikopenda kutazama baadaye, kwa kuwa huko ndiko watu wamejaribu mambo madogo. Karurumo, Embu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameshirikiana na wakulima kwenye kituo cha kukusanyia maembe chenye vyumba vya ubaridi vya bei nafuu. Kimoja ni cha kuta za mkaa unaolowanishwa; kingine cha kuta mbili za matofali zenye mchanga mbichi katikati, ubunifu uliotoka India; kingine kinatumia kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kilichofungiwa kifaa kiitwacho CoolBot, kinachokidanganya kiyoyozi kiendelee kupooza pale ambapo kingesimama. Ni mambo mazuri, na anayeyanakili aangalie hewa ya kwake. Mkaa na mchanga hupooza kwa maji yanayokauka, na maji hukauka upesi penye hewa kavu kama ya Makueni. Mkuranga ya Desemba, shati halikauki kwenye kamba. Kuta za mkaa zitapunguza nyuzi chache tu, basi. Huko kivuli, kuchuma alfajiri na lori la usiku vina faida kubwa kuliko chumba cha mkaa, na havihitaji mfadhili.

Shangazi hakujenga chumba chochote. Aliporudishiwa habari za shambani alibadili jinsi ya kulipa. Mchumaji alipewa nusu ya ujira chini ya mti na nusu ya pili baada ya maembe kuchambuliwa Buguruni, siku ya nne, kwa hesabu ya mazima. Alidhani atashangiliwa. Wachumaji walikataa. Yule aliyesema tenga halina changa wala komavu ndiye aliyewasemea wenzake, kwa heshima zote: "Mama, sisi tutajuaje huko mjini hamtatuhesabia mabovu ya kwenu?"

Swali lilikuwa la haki. Mabovu ya sokoni nayo yapo: mapakuzi ya kurusha, maji machafu ya kuoshea, jua la meza. Wakakubaliana kwamba mpwa wa mchumaji aje na kila lori, alale kwa shangazi, aone uchambuzi kwa macho yake na atie sahihi. Kijana huyo alikuwa mkali kuliko karani. Alilitambua embe la upembo na embe la tenga kwa kutazama jeraha, akayatenga mafungu mawili, na kila fungu likawa na mwenyewe wa kulilipia. Wiki chache baadaye ule mti wenye kifuko cha wavu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye shina, na vikonyo vikaanza kuja virefu. Mpango huo ulifaa kwa lori la mwenye mali mmoja. Lori lilipochanganya mizigo ya watu watatu, mafungu yakachanganyika na ugomvi ukarudi, na mara mbili shangazi aliuacha kwa sababu lori la peke yake lilimzidi gharama.

Kreti za plastiki zilikuja baadaye. Hazina ncha, zinapangwa moja juu ya nyingine bila kuyagusa maembe, na zinaoshwa. Watu walizipokea kwa furaha, kisha wakazipiga lumbesa: embe likachomoza juu ya ukingo, kreti ya juu ikalikalia. Hilo lilirekebishwa kwa dalali kukataa kupokea kreti iliyovimba. Gumu zaidi lilikuwa kuzirudisha. Tenga likishafika mjini huwa kuni; kreti lazima irudi shambani, na tupu inachukua nafasi ileile ya iliyojaa. Dereva anayerudi Mkuranga angependelea saruji na soda, zinazolipa. Nyingine hazikuonekana tena sokoni kabisa, zikaonekana kwa mama lishe zikiwa viti, na kwa kinyozi zikiwa rafu.

Siku hizi kwa shangazi kila kreti ina amana, inaandikwa kwenye risiti ya mchuuzi chini ya bei ya maembe, na asiyeirudisha anakatwa kwenye mzigo unaofuata. Wachuuzi wamelikubali hilo. Kinachobishaniwa bado ni nauli ya kreti tupu kurudi: mkulima anasema ni ya mwenye mali, shangazi anasema ni ya dereva, na dereva, ambaye hajawahi kula hasara ya embe hata moja, anasema yeye anabeba mzigo, habebi hewa.